Mwizi wa Barua za Kalemie

Jumanne, 6 Agosti

Na tena mikono yake. Jana nilikuwa nimefika hapo, usingizi ukanichukua na kalamu ikiwa bado vidoleni. Mikono ya mtu anayechomelea vyuma: alama ndogo ndogo za moto mpaka kwenye kiwiko, kama amenyunyiziwa nyota. Nani mwingine anaziona? Mimi tu. Leo asubuhi Désiré alikunywa chai, akanishika shavu, akapanda pikipiki kwenda karakana Kasenga. Nikabaki nyuma ya pazia nikimsindikiza kwa macho. Mimi Furaha, mjinga wa kwanza wa mtaa huu wa Nyamianda.

Kutoka siruhusiwi. Mimi ni mugole, bibi harusi mpya, na mugole anakaa ndani mpaka watu wa kwao waje kumfunua. Sipiki. Sifui. Sokoni siendi. Kwa Mama, kule Nyakabere, sikanyagi kabisa kabla ya siku hiyo. Mama mkwe ananiletea chakula kama mgonjwa. Wifi yangu Neema, mdogo wake Désiré, ananicheka: "Kula tu, mugole. Siku zikiisha utajua moshi ya huku iko namna gani." Nampenda Neema. Ananichosha.

Siku nzima nafanya nini? Nasoma barua. Miaka miwili Désiré alikuwa Kalemie, akichomelea mashua za chuma, na kila Jumamosi aliingia saiba, akakaa mbele ya kompyuta ya watu na kuniandikia imeli kwa vidole viwili. Wenzangu walitumiwa mstari mmoja kwenye WhatsApp na picha ya ua. Mimi nilitumiwa barua. Ndefu. Zote ziko kwenye imeli yangu, hakuna hata moja iliyo kwenye karatasi, na akaunti yake ya wakati ule ilikwisha kupotea. Leo nimeirudia ile inayosema "wewe ni umeme wangu usiokatika". Umeme ulikuwa umekatika. Nimecheka peke yangu chumbani.

Kulikuwa na taarifa pia, kutoka kwa wenye imeli: kuna mtu ameingia kwenye akaunti yako kwa simu mpya. Nimeifuta. Simu mpya ipi? Zawadi zetu zote za harusi ni sufuria.

Jumatano, 7 Agosti

Upepo tangu asubuhi. Vumbi linapita chini ya mlango. Nimepanga nguo zake, nikazipangua, nikazipanga tena kwa rangi. Taarifa nyingine ya simu mpya. Sikuifungua, nilikuwa nanusa shati lake.

Jioni ameniletea samaki, mukeke wa kuchoma ndani ya jani. Tumekula kwa mkono mmoja, mwingine ulikuwa na kazi yake.

Ijumaa, 9 Agosti

Imeli imenifungia nje.

Nimeandika neno la siri. Si sahihi. Nimeandika polepole, herufi kwa herufi. Si sahihi. Chini yake kuna maneno madogo kwamba neno la siri limebadilishwa jana. Sikubadilisha kitu. Jana nilikuwa nimelala baada ya chakula kama paka.

Kisha ujumbe kwenye WhatsApp, kutoka namba nisiyoijua. Bila picha. "Bonjour mugole. Bwana yako anaandika vizuri sana. Nitumie kitu kidogo leo, ama barua zake zote kwaya yenu itazisoma. Na nyuma ya hapo nitazifuta."

Nimekaa chini sakafuni. Nilisikia baridi, Agosti hii, Uvira hii. Si kwamba barua zina mambo ya aibu. Zina mambo yangu.

Kuna mtu mahali fulani anasoma Jumamosi zangu.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimemwambia Désiré. Niliogopa atanigombeza. Hakunigombeza. Aliomba simu, akausoma ule ujumbe mara nyingi. Akasema tusijibu na tusitume kitu. Mwizi ukimlisha leo, kesho anarudi na sahani.

Tumejaribu njia ya "nimesahau neno la siri". Wakauliza: tutume kodi, zile tarakimu za kuthibitisha, kwenye namba hii? Wakaonyesha mwisho wa namba tu. Nikaitambua mara moja. Ni ya Mama.

Nilifungua imeli nikiwa kidato cha mwisho, sina simu. Nyumba nzima simu ilikuwa moja, ya Mama, ya vitufe. Nikaandika namba yake. Tangu hapo nimebadilisha shule, simu, hata jina la ukoo nimelikaribia kubadilisha, lakini hiyo namba sikuigusa. Kwa hiyo ufunguo wa barua zangu uko Nyakabere, kwenye kitenge cha Mama, katikati ya shamba la mahindi.

Na Mama simu anaizima. Anaipeleka kuchajiwa kwenye paneli ya jua ya duka la barabarani, anaiwasha jioni akitoka shambani, dakika chache, anazima tena ili "isichoke". Tumepiga jioni yote. Haipatikani.

Ningekuwa mtu huru ningepanda pikipiki sasa hivi. Nyakabere si mwezini. Lakini mugole haendi kwao. Nikienda kabla sijafunuliwa watasema ndoa imekufa. Nimezunguka chumba mpaka mkeka umejikunja.

Jumapili, 11 Agosti

Amefanya.

Wamerudi misani. Neema aliingia wa kwanza, mkono mdomoni, simu juu. Kundi la kwaya. Namba isiyojulikana, iliyoingia sijui kwa kiungo cha nani, imeweka mstari mmoja tu, bila jina la mwandishi: "Furaha, wewe ni umeme wangu usiokatika." Chini yake vicheko mpaka kidole kinachoka kushuka. Waimbaji wa sauti ya pili wameandika wanaomba waunganishiwe waya. Mwalimu wa kwaya ameweka picha ya balbu.

Kisha umeme ukakatika kweli, hapa nyumbani, na Neema hakuweza kujizuia. Alipiga kelele kutoka jikoni: "Mugole! Waka kidogo, tunaivisha wali!"

Nimelia. Nililia vibaya, na pua.

Wakati wa chakula kila mtu alikuwa anatazama sahani yake na mabega yakitetemeka. Masikio ya Désiré yalikuwa mekundu, yale masikio ninayoyapenda. Nilidhani atakana. Aliweka kijiko chini, akakiri mbele ya mama yake na wote: "Njo minye niliandika. Na nitaandika tena. Nani hapa amekwisha kuandikiwa? Anyooshe mukono."

Hakuna aliyenyoosha. Mama mkwe akasema, "Baba yenu hata jina yangu hakukuwa anajua kuandika," akacheka mpaka akakohoa. Kicheko kikageuka. Sasa hawakuwa wananicheka mimi.

Nimeolewa na mwanaume huyu. Mungu, nimeolewa na huyu.

Lakini yule mtu bado anazo. Na ameandika tena: "Huo ni mustari moja. Niko na mingi."

Jumatatu, 12 Agosti

Nimemshuku kila mtu. Mpiga picha. Mwalimu wa kwaya. Yule binamu wa Bujumbura aliyekaa na simu yangu wakati navaa. Nilimshuku hata Neema kwa saa nzima, nikaona haya aliponiletea uji. Ni ugonjwa mbaya kushuku. Kila uso wa harusi yangu naupitia kama polisi.

Mchana, kwa kuchoka, nikaweka video ya mahari. Nilitaka tu kumwona akiwa na koti lake la kijivu. Mtu ameiweka Facebook, wazi, kila mtu aitazame. Pale msemaji wa upande wao anasimama na fimbo, anawasifu ng'ombe wanaotolewa. Anafika kwa yule mwekundu, mzuri, wa kwangu. Anapaza sauti: "Huyu ni Gaju! Gaju wa Furaha! Semeni Gaju!" Na watu wote wanajibu, Gaju! Wanawake vigelegele. Nyuma yake kimetundikwa kitambaa kikubwa chenye majina yetu na tarehe ya harusi.

Simu ikanianguka.

Neno langu la siri lilikuwa Gaju na tarehe ya harusi.

Nililiweka wiki ile ile ya mahari kwa sababu nilikuwa na furaha nisijue pa kuiweka. Nilitaka kila nikifungua imeli nimwandike ng'ombe wangu. Na watu wote waliitikia kwa sauti neno langu la siri, na msemaji akawaambia walirudie! Na anwani yangu ya imeli iko chini ya video, niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe: wenye picha nzuri watutumie hapa. Mwizi hakuvunja kitu. Alialikwa.

Désiré aliporudi nikamwambia. Hakucheka. Alikuwa amekunja uso kwa namna ya ajabu. Nikamuuliza la kwake ni lipi.

Gaju na tarehe.

Tulitazamana. Tukaanguka kitandani kwa kicheko, kisha tukaamka haraka sana kama watu wanaounguza chakula, tukabadilisha la kwake pale pale. Na la akaunti yake ya pesa za simu. Na la Facebook. Kila mahali alikuwa amemfunga ng'ombe yule yule.

Mama bado hapatikani.

Jumanne, 13 Agosti

Imeita! Jioni, mara mbili. Mara ya kwanza Mama hakupokea. Mara ya pili amekata.

Mama hajawahi kunikatia simu. Hata nilipokuwa namaliza salio lake la maongezi kwa kumpigia Désiré, aliniacha nimalize kwanza ndipo akanipiga kofi.

Sijui nimefanya nini. Désiré ananiambia labda ni mtandao. Si mtandao. Najua kukatwa.

Mwizi: "Nimeanza kufuta. Nimeanzia za zamani."

Za zamani ni zile za mwanzo, alipokuwa bado ananiita "Mademoiselle Furaha". Siwezi kula. Mama mkwe ameangalia sahani, akatabasamu, akaniuliza kwa upole kama natapika asubuhi. Hapana, Mama. Naibiwa.

Jumatano, 14 Agosti

Leo nyumba ilikuwa na moto. Niandike yote.

Asubuhi pikipiki ilisimama uani kwa fujo, na juu yake Shangazi Sifa, dada wa marehemu baba, ndiye anayesema kwa niaba ya kwetu katika mambo yote ya ndoa hii. Hajatangaza ujio. Hakukaa. Maji alikataa. Hapo nikajua ni vita, Shangazi hajawahi kukataa kitu cha kunywa.

Akaanza kwa mama mkwe, mkono kiunoni. "Mumetuolea aje? Hii njo mukwe gani? Anamupigia mamamukwe simu, kwa kinywa yake, mbele hata ya kunywa maji kwetu? 'Mama, njo minye Désiré, unisomee namba zenye ziliingia.' Namba ya nini? Mama ya Furaha ni mwalimu wa hesabu?"

Kwetu mkwe hazungumzi na mama mkwe moja kwa moja mpaka aketishwe nyumbani kwake kwa heshima. Neno lolote linapita kwa Shangazi. Kumpigia simu, tena kumwamrisha asome kitu, ni kama kuingia chumbani mwake na viatu.

Mama mkwe wangu alikuwa mdomo wazi. Jumatatu jioni, alisema Shangazi. Sauti ya kijana, laini, yenye Kifaransa. Ilijua jina langu, jina lake, na kwamba nilianguka malaria mwaka jana. Ilijua Mama anaumwa goti.

Goti la Mama liko kwenye barua. Niliandika mimi. Namba ya Mama pia: "ukitaka sauti yangu, piga kwa simu ya Mama."

Nikauliza, na sikujua kama nataka jibu: Mama alisoma hizo namba?

Shangazi akanigeukia kama nimetukana. "Asome? Alizima simu! Alilia. Alisema binti yangu nimemutupa kwa mutu hana adabu."

Nikapiga magoti. Kwa shukrani, lakini Shangazi alidhani naomba msamaha, akaanza kulainika. Yule mtu anataka kuondoa namba ya Mama aweke yake. Kodi inakwenda kwa Mama. Angeisoma tu, imeli ingekuwa yake moja kwa moja. Mtu mwenye diploma angeisoma. Ningeisoma mimi.

Désiré aliitwa kutoka karakana. Alifika na miwani ya kuchomelea bado kichwani. Aliposikia alikaa chini kwenye vumbi, akampa Shangazi simu yake kwa mikono miwili. "Shangazi, minye hata namba yake sina kwa hii simu. Angalia mwenyewe."

Shangazi aliangalia. Aliipitia orodha ya simu zake moja moja, midomo ikisoma. Fundi. Fundi. Muuza nondo. Neema. Kisha akasimama.

"Na huyu Umeme wangu ni nani? Unamupigia kila saa!"

Neema alitoka nje akikimbia. Tulimsikia akicheka mpaka kwenye choo cha jirani. Désiré alinionyesha kwa kidole. Shangazi akanitazama, akatazama simu, akanitazama. "Bwana Yesu," alisema. Kisha akaketi, akaomba maji. Kisha akaomba kitu kikali kuliko maji.

Tumemweleza kila kitu. Kuhusu Gaju alicheka kwa huzuni. Atarudi Nyakabere leo hii hii, atamweleza Mama kwa kinywa, na kesho jioni atakaa naye, simu imewashwa. Amenionya lakini: Mama sasa haamini sauti yoyote.

Alhamisi, 15 Agosti

Sikukuu ya Bikira Maria. Wote misani. Nimeimba peke yangu ndani, sauti ya kwanza, nikitembea.

Mwizi hajaandika leo. Kimya chake kinanisumbua kuliko maneno.

Jioni. Shangazi amepiga, ikalia mara moja akakata, ishara yetu. Désiré amekaa na simu yake kwenye ukurasa wa imeli, mimi na yangu sikioni, nimempigia Mama. Akabonyeza. Kodi ikaenda Nyakabere. Nikasikia simu ya Mama ikilia kidogo pale pale sikioni mwangu, na moyo wangu nao.

"Mama, imefika. Nisomee."

Ikaja sauti yake, kavu. "Weye ni nani?"

"Furaha, Mama."

"Mule mwengine alisema ni Désiré." Nikasikia anavuta pumzi. "Kama weye ni Furaha, uniambie. Mbuzi yetu ya kwanza ilikufaka na nini?"

Sikuamini. Désiré ananionyesha saa kwenye ukurasa, kodi inakaribia kufa. Nikapayuka: "Sabuni, Mama! Ilikula sabuni ya Shangazi!"

Nyuma yake Shangazi akapaza sauti: "Sabuni yangu ya maua! Ya Bujumbura!"

"Njo yeye," Mama akasema. Hakuwa ananiambia mimi. Sauti yake ilikuwa imelainika, kama ugali unapotiwa maji. Akaanza kusoma kwa Kirundi, anavyohesabu maharagwe: indwi, kane, zeru... Mtandao ukameza iliyofuata. Désiré akaandika, ikakataa. Imekwisha muda. Tukaomba nyingine. Ikachelewa. Mama akasema amesimama juu ya kiti, Shangazi anamshika kiuno. Na goti lake! Akasoma tena, safari hii kwa kelele, shamba zima lazima limesikia.

Ikakubali.

Désiré aliandika neno jipya, refu, tulilolitunga pamoja jana. Halina ng'ombe. Halina tarehe, halina jina la mtu aliyezaliwa wala atakayezaliwa. Hapa pia siliandiki.

Nikaenda moja kwa moja kwenye barua za Kalemie. Tupu. Mahali pake, tupu.

Sikumbuki nilichosema. Désiré anasema nilisema "hapana" kwa sauti ya mtoto. Yeye ndiye aliyefungua pipa la takataka. Zilikuwa mle zote, zimelala juu ya matangazo ya sabuni na mikopo. Mwizi hakulimwaga. Labda alikuwa anazitunza ili aniuzie, labda alidhani zimekwisha.

Tumezirudisha. Mama alikuwa bado kwenye simu, juu ya kiti, anauliza kama ashuke.

Ijumaa, 16 Agosti

Nimemfukuza. Kuna mahali panaonyesha simu zote zilizo ndani ya akaunti. Yake ilikuwepo, ya aina nisiyoijua, imeingia kutoka hapa hapa Uvira. Hapa hapa. Nimebonyeza kuitoa. Nimeweka namba yangu mwenyewe, na kufuli ya pili, sasa hata mtu akijua neno la siri simu yangu lazima ikubali. Nimeondoa anwani yangu chini ya video. Désiré naye amefanya vile vile. Neema pia, baada ya kukiri kwamba la kwake lilikuwa jina la mtoto wake, ambalo analiita uani siku nzima.

Namba ya yule mtu tumeizuia, na Désiré ameipeleka kwa polisi kuishtaki. Sitegemei kitu. Sitamjua. Huenda alikula wali wangu wa harusi.

Neema ameandika kwenye kundi la kwaya: "Mwenye ataleta tena mustari ya ndoa ya batu, minye nitamuimbisha solo siku ya Noeli bila mazoezi." Mwalimu ameondoa balbu.

Ninapaswa kufurahi. Nafurahi. Lakini nimefungua barua moja na nikaifunga. Zina alama za vidole. Sizioni ila najua zipo.

Jumapili, 18 Agosti

Naangalia imeli kila mara. Nikiamka. Nikitoka kuoga. Hakuna aliyeingia. Naangalia tena. Nimeota naulizwa kodi na kila mtu barabarani, hata padri.

Mchana Désiré alichukua simu yangu mkononi, kwa upole. Nilipendekeza tupeleke barua kwenye sekretarieti ya Kasenga, kile kibanda cha kompyuta na printa, zichapishwe. Kisha nikakumbuka yule kijana wa pale husoma kila kitu anachochapisha, na husoma kwa sauti. Hapana.

Basi Désiré akalala chali, akafungua ya kwanza kabisa, akaanza kunisomea. "Mademoiselle Furaha, mimi ni mzima, sijui wewe." Anasoma vibaya! Anasitasita, anakohoa, anaruka maneno matamu kwa sababu anaona haya, nami ninamrudisha: soma hilo. Soma tena. Nimekuwa nazo hizo barua muda wote huu na sikuwahi kuzisikia kwa sauti yake. Nilikuwa nazisikia kwa sauti yangu.

Yule mtu hana hii. Achukue maneno.

Tumefika ya tatu, usingizi ukamchukua katikati ya sentensi. Nimemtazama.

Jumanne, 20 Agosti

Upepo umetulia. Ziwa limekuwa la bluu nyepesi, naliona kipande kati ya mapaa mawili. Désiré yuko kazini. Nimekula chakula chote.

Shangazi ametuma neno. Jumamosi watakuja kunifunua, na bia ya ndizi, na wanawake wa kwaya ya Nyakabere. Nimepumua. Kuanzia hapo nitapika, nitajua moshi wa huku.

Na kuna jambo Mama amelisema, Shangazi amelifikisha kama lilivyo. Mama hatakuja na wenzake, goti limevimba tangu siku ya kiti. Ila anaomba kitu ambacho Shangazi mwenyewe hajawahi kusikia mama mkwe akiomba. Anataka mkwe wake aje, aketi mbele yake, aongee. Chochote. Kuhusu mashua, kuhusu vyuma. Anasema ile sauti nyingine bado iko sikioni mwake, inajiita Désiré, na hana ya kweli ya kuiweka juu yake.

Nimemwambia Désiré kwenye simu. Akaniuliza ataongea nini, mbele ya mama mkwe, yeye asiyejua kusema. Nikamwambia asijali, akohoe tu, aanze.

Kisha nimempigia Mama. Alikuwa amewasha. Hakuniuliza habari ya mbuzi. Nimemwambia alale, goti aliweke juu ya mto, na kwamba mwezi huu hautaisha kabla hatujafika.

Amesema atasubiri. Simu ataiacha wazi.